Vihisi vya Unyevu vya Bei Nafuu kwa Bustani ya Roshani: Tathmini kutoka Moshi

Kwa yeyote anayepanda sukuma wiki, giligilani au nyanya kwenye ndoo na madebe roshani mjini Moshi, seti ya kumwagilia yenye kihisi cha unyevu, kibao cha ESP32 (kompyuta ndogo yenye waifai), relei (swichi ya umeme inayoamriwa na kibao) na pampu ndogo ya volti 5 ni ununuzi ninaoupendekeza kwa moyo wote, mradi kihisi chenyewe kiwe cha kapasita, yaani kinachopima unyevu bila chuma chake kugusa udongo. Vihisi vyenye meno mawili ya chuma, ambavyo ndivyo rahisi zaidi dukani, havifai kabisa: hupitisha umeme moja kwa moja udongoni, chuma kikaliwa taratibu, na mabaki yake yakabaki kwenye udongo wa mboga tunazokula.

Faida ya seti hii huonekana zaidi mwezi wa Juni na Julai. Saa ya kumwagilia, yaani kifaa kinachofungulia maji kwa muda uliopangwa tu, huendelea kumwaga hata siku za baridi na mawingu ambapo udongo wa jana haujakauka, na hapo ndipo mizizi huoza. Wakati wa masika nako, roshani iliyofunikwa na paa huweza kukauka huku mvua ikinyesha hatua mbili kutoka hapo. Kihisi hupima udongo wenyewe, kwa hiyo hakidanganywi na kalenda.

Kabla ya kulipa, soma maandishi ya chipu iliyo juu ya kihisi kwa kamera ya simu. Chipu ya TLC555 hufanya kazi vizuri kwa volti 3.3 zinazotolewa na ESP32, ilhali NE555, inayowekwa kwenye vihisi vingi vya kuiga, huhitaji angalau volti 4.5, na ikipewa pungufu hutoa vipimo visivyoaminika. Jambo la pili ni kingo za ubao, ambazo kiwandani huachwa bila kuzibwa na hivyo hunyonya maji. Tabaka mbili za rangi ya kucha zinatosha kuzikinga. Waya wa kipimo uunganishwe kwenye pini kati ya 32 na 39, kwa kuwa pini nyingine za kupimia hazitoi kipimo wakati waifai imewashwa.

Vipimo havina maana mpaka uvilinganishe na udongo wako. ESP32 husoma kutoka 0 hadi 4095, na namba hushuka kadiri unyevu unavyoongezeka. Kihisi changu kilionyesha karibu 2,700 kikiwa hewani na karibu 1,200 kikiwa ndani ya glasi ya maji. Wengi wetu huchanganya udongo na samadi pamoja na maganda ya mpunga, ambayo hayapatikani kwa shida kwa sababu ya mashamba ya Mabogini na Chekereni. Mchanganyiko huo ni mzuri kwa mizizi, lakini huacha mianya ya hewa, na kihisi kisiposhindiliwa vizuri kitadai maji wakati chombo kimelowa. Panga pampu ifanye kazi kwa sekunde chache, kisha isubiri nusu saa ili maji yashuke kabla ya kupima tena.

Pampu ndiyo sehemu dhaifu ya seti. Ikizunguka bila maji huungua upesi, na kwa kuwa maji ya bomba hukatika, swichi ya boya, inayozima pampu maji yakipungua, ni ya lazima ndani ya ndoo ya maji inayolisha pampu. Ndoo hiyo iwekwe chini ya usawa wa vyombo. Aliyekulia karibu na mfongo, mfereji wa jadi wa umwagiliaji wa Wachagga, kwenye miteremko ya Kilimanjaro anajua kwamba maji yakishapata mteremko hayangoji amri: ndoo ikiwa juu, yataendelea kutiririka ndani ya mpira hata pampu ikizimwa.

Kwa upande wa programu, ESPHome, inayowekwa kwenye vibao kama ESP32, ni ya bure na maamuzi yake hufanyika ndani ya kibao chenyewe, hivyo intaneti ikikatika umwagiliaji unaendelea. Badilisha tu mpangilio unaokifanya kijiwashe upya kila kinapokosa mtandao kwa dakika 15. Mwenye vyombo vitatu karibu na mlango wa jikoni hahitaji gharama hii. Mwenye kumi na zaidi, hasa anayesafiri mara kwa mara, aanze na kihisi kimoja kwenye chombo kinachokauka haraka kuliko vyote, na anunue vingine baada ya kuona tabia ya udongo wake.