Kuwekewa muvi za mapenzi Mwanga, Kigoma: uzoefu wangu wa siku moja ya mapumziko

Jumatano iliyopita nilikuwa na mapumziko baada ya zamu nne za usiku mfululizo. Mdogo wangu ninayeishi naye alikuwa amekwenda Kasulu, kwa hiyo chumba na sebule yetu hapa Katubuka nilibaki navyo peke yangu. Nikasema leo sifui, wala siendi kumsalimia mtu. Naangalia muvi za mapenzi za kuchekesha mpaka jua lizamie upande wa Kongo. Nilizipata kwenye kibanda cha kuwekea muvi pale Mwanga, na huduma yake ndiyo ninayotaka kuieleza, maana namna unavyoagiza ndiyo inayoamua kama utacheka au utapoteza siku.

Kibanda kiko jirani na soko. Ni kidogo, wakiingia watu watatu wa nne anasubiri nje. Nilikwenda Jumanne jioni na flashi yangu ya GB 16. Kijana anayehudumia ana kompyuta moja na daftari la kuandikia oda. Nilipomwambia ninachotaka akauliza, "Dada, za kulia kwanza halafu ndiyo ucheke, au za kucheka mwanzo mwisho?" Kwingine ukitaja mapenzi unajaziwa chochote chenye picha ya watu wamekumbatiana. Huyu aliuliza, akasubiri jibu. Akataka kujua pia runinga yangu ni inchi ngapi, nikamjibu 32. Akanieleza kwamba flashi nyingi zimefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na humo faili moja likifika GB 4 haliingii hata kama nafasi imebaki tele. Ndiyo maana yeye huchagua nakala ndogo, za GB 1 au 2. Kwa runinga yangu picha ilikuwa safi kabisa.

Muvi aliyonayo tayari ni shilingi 500. Ya kutafuta ni 1,000, kwa kuwa anaishusha usiku kwa bando lake mwenyewe. Nilichukua moja ya kwanza na mbili za kutafuta, jumla 2,500. Asubuhi nikaifuata flashi, nikapita sokoni kununua migebuka wawili na mawese, nikarudi nikafunga mlango.

Ya kwanza ilikuwa mpya, ya Kimarekani, ya mambo ya harusi, na ilikuwa imetafsiriwa. Mimi nimekulia Ujiji. Muvi zangu za mwanzo niliziona kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, sauti ya Lufufu, mtafsiri wa muvi, ikitikisa mabati. Naiheshimu sana kazi ya watafsiri. Mtu mmoja na maikrofoni anabeba sauti za watu kumi, na bibi asiyejua neno la Kiingereza anaelewa staringi kakasirikia nini. Kwenye muvi za ngumi mtafsiri ni nusu ya utamu. Lakini hizi za mapenzi za kuchekesha zinataka kitu kingine, na niliona hivyo kabla nusu saa haijaisha. Mwanamume kasema jambo. Mwanamke kanyamaza, kamtazama, kageuza uso taratibu. Kicheko chenyewe kimekaa kwenye ule ukimya, na mtafsiri akaujaza maneno: dada kaona aibu, jamaa kampata penyewe! Nikawa nimeelezwa kichekesho kabla sijakiona. Niliimaliza, lakini nilicheka mara mbili tu.

Kwa hiyo ukienda kuagiza, hili litaje mwanzo kabisa: za mapenzi za kuchekesha taka ambazo hazijatafsiriwa, zenye maandishi chini. Mimi maandishi yangu yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha chuo cha unesi, lakini kusoma huku nasikia sauti za wenyewe kulinitosha. Nikipitwa na neno, narudisha nyuma. Hakuna wa kulalamika.

Ya pili ni When Harry Met Sally, ya mwaka 1989, imeongozwa na Rob Reiner na kuandikwa na Nora Ephron. Kuiwasha, picha ipo, sauti hakuna. Nilikasirika, sitaficha, maana nilikuwa nimeshajilaza. Nikachukua bodaboda kurudi Mwanga. Kijana akaniambia sauti ya nakala ile ilikuwa ya aina ambayo runinga nyingi haziisomi. Akaibadilisha kama robo saa hivi bila kunidai kitu. "Samahani dada, ilibidi niijaribu kwanza." Hapo ndipo alipokosea, na namna alivyolimaliza ilinituliza. Nakushauri usiondoke kibandani kabla hajakufungulia kila moja ukasikia sauti.

Muvi yenyewe sasa. Watu wawili wanasafiri kwa gari moja kutoka Chicago hadi New York, wanabishana njia nzima, wanaachana, na miaka zaidi ya kumi inapita ndipo waelewane. Hakuna tajiri anayemwokoa maskini wala mama mkwe mwenye roho mbaya. Ni maongezi tu, dakika 96, na sikusinzia. Nilichokipenda kuliko vyote ni wazee. Kila baada ya muda hadithi inasimama, wanatokea mke na mume kwenye kochi, wanasimulia walivyokutana. Hadithi zile zilitoka kwa watu wa kweli, kisha wakapewa waigizaji wazisimulie. Mmoja akianza sentensi, mwenzake anaidakia.

Nikasimamisha muvi. Bibi na babu yangu wa Ujiji wako vilevile. Nikampigia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Uko kazini?"

"Niko nyumbani, naangalia muvi."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Unaumwa?"

Nikamwambia siumwi, nimepumzika tu, na ninataka anisimulie tena alivyokutana na babu. Akasimulia. Kwamba alikuwa anauza dagaa mwaloni Kibirizi, na kijana mmoja akaja kununua kila siku kwa wiki tatu, kumbe kwao dagaa wameanikwa uwanja mzima. Babu nikamsikia nyuma, "Wiki mbili! Mwambie wiki mbili!" Hadithi hii nimeisikia tangu nikiwa mdogo, na wiki zile hawajawahi kukubaliana. Lakini siku ile niliisikiliza kama mtu ambaye ana muda. Kwenye zamu huwa nawapigia dakika mbili, nauliza dawa za presha wamekunywa, nakata.

Mchana umeme ukakatika, nikapika ugali wa muhogo na wale migebuka kwa mawese. Ulivyorudi, runinga ilianza muvi upya tangu mwanzo, maana yangu haikumbuki ulipoishia. Andika dakika pembeni.

Ya tatu niliichagua kwa sababu ya jina tu, Roman Holiday, yaani mapumziko ya Roma, ya mwaka 1953, ya William Wyler, nyeusi na nyeupe. Audrey Hepburn alipata tuzo ya Oscar kwa muvi hii. Anacheza binti wa mfalme aliyechoshwa na ratiba. Daktari anamchoma sindano ya kumtuliza, na kabla dawa haijamshika anatoroka usiku. Inamkolea akiwa barabarani. Mimi nesi, nimeona watu wakilewa dawa, na yule dada anavyopepesuka huku akijibu kwa adabu za kifalme, nilicheka mpaka nikakaa chini sakafuni. Kisha anapata siku moja mjini Roma. Anakata nywele, anakula aiskrimu, anapanda pikipiki ya Vespa na mwandishi wa habari anayemficha yeye ni nani. Siku moja tu, kesho yake kazi inamsubiri. Sikujua habari hiyo nilipoiagiza. Mwisho wake sitausema, ila usitegemee harusi. Nililia, na hakukuwa na mtu wa kuniuliza nalia nini, nikalia mpaka nikamaliza mwenyewe.

Jambo moja linanisumbua. Shilingi zangu 2,500 hazikuwafikia waliotengeneza muvi zile, na mtu aliyeandika maongezi kama yale anastahili malipo yake. Kungekuwa na duka Mwanga linalouza nakala halali kwa bei ya mshahara wangu, ningenunua huko bila kusita. Nalisema kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa yule kijana naye anafanya kazi yake kwa moyo.

Alhamisi kabla ya zamu nikapita tena kibandani. Nilitaka ya mwaka 1940 ya Ernst Lubitsch, ya wafanyakazi wawili wa duka moja mjini Budapest wanaoandikiana barua za mapenzi bila kujuana. Kijana akafungua daftari, nikamtajia herufi moja moja, The Shop Around the Corner, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: ISITAFSIRIWE, SAUTI IJARIBIWE. Akasema nipite Jumamosi. Flashi nimemwachia.