Kihori cha boti ndogo ya tanga: cha kwanza hadi cha mwisho

Boti yangu ni ya futi 26, imetia nanga Tanga, upande wa Raskazone, mita 250 hivi kutoka ufukweni. Nikisafiri nayo mara mbili kwa mwezi nimejitahidi. Kihori, kile chombo kidogo cha kunivusha kutoka ufukweni hadi kwenye boti, nakipanda karibu kila siku: kwenda kutazama nanga, kutoa maji ya mvua botini, kumpeleka fundi, kumrudisha fundi aliyesahau bisibisi. Kwa hiyo nashangaa mtu anayehangaika nusu mwaka kutafuta boti, halafu kihori akakinunua jioni moja kwa kutazama picha kwenye simu.

Nakiita kihori kwa sababu jina lake ndilo hilo. Majahazi yalikuwa na vihori vyao vya kushushia watu na mizigo miaka mingi kabla ya boti za mpira za kupuliza kufika pwani.

Kabla ya kupanga kipi cha kwanza, kausimamie ufukwe wako siku ya bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida), maji yakiwa yamekupwa kabisa. Huku kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo hukaribia mita nne, na ufukwe wenyewe ni wa kulala. Kihori ulichokifunga asubuhi kikielea, adhuhuri unakikuta kimepwelewa, na maji yako kule, hatua mia na hamsini mbele, matope katikati. Hapo hakuna anayekuuliza kihori kinabeba watu wangapi. Swali ni moja: unaweza kukiburuta peke yako, na dumu la maji mkononi? Mimi kipimo changu ni kilo 35. Zaidi ya hapo nitafute kijana wa kunisaidia, na vijana huwa hawapo ukiwahitaji.

La pili ni upepo. Msimu wa kusi, kuanzia saa nane mchana, maji ya ghuba huwa na viwimbi vifupi vya kuudhi. La tatu ni mahali pa kukiweka mkisafiri, maana boti ya futi 26 haina uwanja wa mpira mbele ya mlingoti. Haya matatu hayapatani, ndiyo maana hakuna kihori kisicho na kasoro. Kuna ambacho kasoro zake unaweza kuishi nazo.

Cha kwanza: kigumu, cha plaiwudi iliyofunikwa faiba, mita 2.4

Urefu huo una sababu yake. Ubao mzima wa plaiwudi ni futi 8 kwa 4, yaani mita 2.44 kwa 1.22, kwa hiyo fundi anakata ubavu mzima bila kuunga. Kwa plaiwudi ya milimita 6 na epoksi (gundi ya kuchanganya), kihori kinatoka na kilo 30 hadi 35. Omo yake (mbele) iwe butu, bapa kama tezi (nyuma), isiwe ya kuchongoka. Kinaonekana kama beseni la kuogea, lakini omo butu inakupa nafasi ya mtu mmoja zaidi kwa urefu uleule.

Nakiweka wa kwanza kwa sababu kinavutika kwa makasia. Chini kina mkuku (uti wa chini ya chombo) mdogo, kinashika njia, na ukipiga kasia kumi kinaenda kasia kumi. Kikikwaruzwa na chaza za kwenye mikoko, unapaka epoksi Jumamosi, Jumapili unaendelea. Fundi wa kukitengeneza yupo, na akikosea unajua pa kumpata.

Ila hadhari na ubao. Madukani kuna plaiwudi ya kahawia inayong'aa ambayo wauzaji wengi wanaiita marini, yaani ya bahari. Nilibeba mbao mbili hadi kwa mzee mmoja anayeunda vyombo, nikiwa najisifu kwa bei niliyopata. Akaupiga ubao kwa kifundo cha kidole, sehemu tatu, akitega sikio.

"Mwanangu, hii si ya bahari. Hii ya kumwagia zege."

Alikuwa amesikia uwazi ndani. Matabaka ya katikati yana mianya, na maji yakishaingia kwenye mwanya mmoja yanatembea hadi omo. Tena lile ganda linalong'aa limewekwa ili zege lisigande, kwa hiyo na epoksi haishiki mpaka ulikwangue lote. Ubao wa kweli wa vyombo hugongwa muhuri wa BS 1088, kiwango cha Uingereza. Muhuri nao hughushiwa, kwa hiyo omba kipande cha upana wa kiganja, kichemshe saa nzima, kikaushe, ukichemshe tena. Matabaka yakiachana, fedha yako ibaki mfukoni.

Pia mkatalie fundi anayetaka kutumia rezini ya kawaida ya polyesta juu ya mbao ili kupunguza gharama. Polyesta inashika mbao vibaya. Baada ya misimu miwili faiba inabanduka kama ganda la yai la kuchemsha. Na usikipokee kihori mpaka chini ya viti viwekwe kitu cha kuelea. Vidumu vitupu vilivyofungwa barabara na kukazwa kwa mikanda vinatosha kabisa.

Kasoro yake: kinayumba. Ukikanyaga ukingoni unaoga. Mama yangu mzazi alikipanda mara moja, akasema boti ataiangalia akiwa mchangani. Na safarini hakina pa kukaa. Kukikokota ndani ya ghuba ni sawa, lakini ukivuka kwenda Pemba kwa kusi, kile kihori kinakimbia mbele ya wimbi na kuja kuigonga tezi yako, au kinajaa maji na kuwa nanga ya pili. Dawa ipo: kiundwe vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti katikati, kimoja kikikaa ndani ya kingine. Kinaongezeka kilo chache na kazi ya fundi, lakini kinalala mbele ya mlingoti ndani ya mita moja na robo. Ningeanza upya leo, ningefanya hivyo.

Cha pili: mpira wa Hypalon

Hapa ndipo mama yangu angekaa. Boti ya mpira haipinduki kirahisi, haichubui rangi ya boti kubwa, inabeba mzigo kuliko unavyodhani, na ukiitoa upepo inakunjwa ikaingia kwenye mfuko wake. Kwa mwenye watoto wadogo, au mzamiaji anayetaka kupanda kutokea majini, pengine hiki ndicho cha kwanza, na sitabishana naye.

Lakini mpira si mpira tu. Kuna PVC, ambayo ni plastiki, na kuna Hypalon, ambayo ni raba ya viwandani, na jua letu linajua tofauti. Hypalon ni jina la biashara la kampuni ya DuPont, ambayo iliacha kuitengeneza mwaka 2010; malighafi hiyohiyo sasa inatoka kwa watengenezaji wengine, na watu wameendelea na jina la zamani. Haing'ai, ukiigusa ina ukavu wa raba. PVC inang'aa, ni laini, na ikizeeka juani inanata vidoleni. Hata gundi zake ni mbalimbali: ya PVC ukiipaka kwenye Hypalon, kiraka kitakutoka katikati ya safari.

Vipimo vya mipira vinadanganya. Mita 2.4 ni za nje. Zile bomba zenyewe zinakula upana na urefu, ndani unabaki na nafasi ya watu wawili na kapu la sokoni. Chukua mita 2.7 kama unaweza kuibeba. Sakafu iwe ya aluminiamu au ya kupulizwa, isiwe ya vibao vilivyoshonewa kwenye kitambaa, kwa sababu hiyo inajikunja ukisimama. Na adhuhuri upunguze pumzi, maana hewa ya asubuhi ikipata jua inatanuka na kuzisukuma gundi.

Ya mkononi, yaani iliyokwisha kutumika, hupatikana kutoka kwa wageni wanaopita na boti zao. Angalia namba iliyogongwa kwenye ubao wa tezi: tarakimu mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Ijaze iwe ngumu, ipake maji ya sabuni kwenye maungio yote, kisha ilale hivyohivyo mpaka kesho. Muuzaji asiyetaka ilale usiku mmoja amekwisha kukujibu.

Cha tatu: mtumbwi

Mtumbwi wa mwembe ni wa bei rahisi kuliko vyote hivi na watu wanaupuuza bure. Ukipigwa na chaza haujali, mwizi hautamani, na kwa upondo (mti wa kusukumia chombo) unapita kwenye maji ya magotini ambako mashine ya kufunga nyuma ingesaga mchanga. Tatizo ni uzito na wembamba: kuhama kutoka kwenye mtumbwi kwenda kwenye boti refu, bahari ikichafuka, ni kazi ya aliyezaliwa ndani yake. Kwa mlinzi wa boti zako unafaa sana. Kwa wageni wako, hapana.

Cha nne: faiba tupu ya kumimina

Imara, nzito. Vingi nilivyovipima vinapita kilo 60. Kama una gati, chukua. Sisi wa matopeni tupite.

Cha mwisho: mpira wa PVC wa bei poa

Niliwahi kuwa nao. Muuzaji aliniambia ni wa bahari. Mwezi wa kumi na mmoja, nikirudi kutoka kwenye boti na mitungi miwili ya gesi, ubao wa tezi ukaanza kuachana na bomba upande wa kulia, taratibu, kama bahasha inayofunguliwa kwa mvuke, huku mashine ikining'inia kwenye ubao huohuo. Nilifika ufukweni nimeikumbatia mashine kifuani kama mtoto mwenye homa. Ukilazimika kununua PVC, ishonee turubai la kuifunika na usiiache juani hata siku moja. Yale maboya ya kuogelea yenye umbo la boti, yanayouzwa pamoja na mipira ya watoto, hata nafasi sijayapa.

Mashine na makasia

Kwa mita 250, mashine ya nguvu za farasi 2.5 inatosha na kubaki. Suzuki ya 2.5 ina kilo 13 na nusu hivi, unaipandisha kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika ngazi. Honda ya 2.3 inapozwa na hewa, kwa hiyo haina njia za maji ya chumvi za kuziba, ila makelele yake yataamsha ghuba nzima. Ile Yamaha ya 15 ambayo kila mvuvi atakushauri ni mashine nzuri mno kwa chombo kingine. Kwenye kihori cha mita 2.4 inazamisha tezi na kuinua omo juu, na nusu ya wezi wa pwani wanaijua bei yake.

Makasia yasikatwe mafupi ili yaingie ndani ya kihori. Kwa kihori cha upana wa mita 1.2, yawe futi sita na nusu hadi saba. Yale ya aluminiamu yanayokuja na mipira ni ya kupigia picha.

Usiku usikiache kikielea nyuma. Kifunge henza (kamba ya kupandishia tanga) kwenye kiti cha katikati, ukipandishe mpaka usawa wa deki, mashine ikiwa imekwisha kutolewa. Na kamba ya omo iwe ndefu kuliko unavyoona inahitajika: maji yakipungua mita nne usiku, kamba fupi iliyofungwa gatini itakining'iniza kihori ukutani kama picha ya harusi.