Pazia la bafuni la 8,000 limenitatulia shida ya mwanga kwenye mahojiano

Mimi narekodi mahojiano ya wazee hapa Bagamoyo, wavuvi, mafundi wa majahazi, bibi wanaosuka ukili, na kwa muda mrefu mwanga ulikuwa unanitesa. Taa yangu ni moja tu, paneli ya LED ndogo saizi ya kiganja, ukimmulika mtu usoni moja kwa moja paji linang'aa kama limepakwa mafuta, kivuli cha pua kinakaa shavuni cheusi tii, na bibi wa watu anakunja macho mwanzo mwisho. Softiboksi, yale maboksi ya kitambaa ya kulainisha mwanga wa taa, nilizoulizia bei zilinishinda.

Basi nikanunua pazia jeupe la bafuni lisilo na maua, 8,000, seremala akanipigia fremu ya mita moja kwa mita moja, nikalibana kwa vibanio vya nguo. Mara ya kwanza nililigusisha kabisa na taa, sikuona tofauti yoyote, kumbe kinacholainisha mwanga ni ukubwa wa kile kinachowaka mbele ya mtu, na taa ikigusana na pazia kinachowaka ni kiduara kidogo tu. Nikairudisha taa nyuma kama hatua moja na nusu pazia lote likajaa mwanga, halafu nikalisogeza kwa mzee karibu kabisa, likabaki kidogo tu lingeingia kwenye picha. Jamani! Mzee yule nahodha wa zamani, mikunjo ya uso ikaonekana yote bila ukali, mpaka nyuzi za kofia yake unazihesabu. Upande wa pili nikaegesha lile povu gumu jeupe la kwenye boksi la tivii, kivuli kikapungua.

Kasoro zipo. Pazia linakula mwanga mwingi, paneli dhaifu itakuangusha usiku. Barazani upepo wa bahari unalifanya tanga, weka tofali miguuni, na ile nailoni inakwaruza sauti inaingia kwenye maiki, ndo maana siku za upepo natumia shuka jeupe la pamba. Kanga usithubutu, rangi yake yote inahamia kwenye ngozi ya mtu. Na kama taa yako ni ya haloji inayochoma, pazia la plastiki usilisogeze karibu nayo kabisa, litayeyuka au liwake moto.

Jumamosi namrudia bibi wa ukili, nimemwomba turekodi upya.