Chapa ya sebule ya nyumba ya mawe, Bagamoyo: nunua, ila chagua nakala

Picha nyingi za Mji Mkongwe zinazouzwa Bagamoyo huishia mlangoni, zikitazama nakshi kutoka barabarani. Chapa hii ya linoliamu (picha huchongwa kwenye bamba la linoliamu, ikapakwa wino na kukandamizwa kwenye karatasi), sentimita 30 kwa 40, ya rangi mbili, inaingia ndani, na aliyeichonga anaijua nyumba ya mawe. Sebule ni ndefu na nyembamba kama inavyotakiwa, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti ndizo hupanga upana wa chumba: kama mita 3, mara nyingi pungufu. Mlango mkuu unaonekana kwa ndani, kwa hiyo ni mbao tupu na komeo. Haukutiwa nakshi za kupendezesha wageni, na hilo linastahili pongezi.

Lakini tazama Bismillahi iliyo juu ya kidaka, yaani kishubaka cha ukutani. Inasomeka sawasawa, kulia kwenda kushoto, maana yake kwenye linoliamu ilichongwa kinyume. Mistari yake haizidi milimita 1, na hakuna nukta iliyomeguka. Kazi ya kisu kikali na mkono uliotulia.

Nakala ziko 20 na hazilingani. Rangi ya udongo hutangulia. Nyeusi hufuata ya kwanza ikishakauka. Katikati ya hapo karatasi ya pamba hunyonya unyevu wa pwani na kutanuka, basi nyeusi haikai tena pale pale. Ndiyo maana kwenye 7/20, yaani nakala ya saba kati ya 20, dirisha limehama na kuacha ukingo mweupe. Kwenye 11/20 wino ulizidi kwenye rola, ukaziba ukili wa mkeka sakafuni. 4/20 ni safi kabisa. Namba hizo zimeandikwa kwa penseli chini ya picha. Zisome, kisha iinamishe karatasi kwenye mwanga kabla ya kulipa.

Duka huiviringisha na kuitia kwenye nailoni. Kataa: wino wa mafuta usiokauka vizuri utagandana na nailoni. Omba ilazwe kati ya kadibodi mbili, na karatasi laini juu yake.

Kwenye fremu, kioo kisiiguse picha. Weka kati yake ukingo wa kadibodi isiyo na asidi, la sivyo ukungu utaanzia hapo. Kama ukuta ni wa mawe na chokaa, gundisha vipande vya koki (gome jepesi la vizibo vya chupa) vya sentimita 1 nyuma ya fremu, kwenye pembe nne, hewa ipite.