Uzoefu wangu na kipimo cha NMRA cha HO kwenye pointi zinazoangusha mabehewa

Kipimo chenyewe ni kibati cha chuma kisichoshika kutu, kinaenea kiganjani. Hakina betri, hakina kioo wala namba za kusoma. Kina meno na mapengo tu, yaliyokatwa kwa viwango vya NMRA, chama cha treni za modeli cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1935. Nakitumia kwa HO, skeli ya 1:87 ambayo reli zake huachana milimita 16.5. Kama treni yako inaacha njia kwenye pointi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, nunua hiki kabla ya tupa, na kabla ya kung'oa pointi ukidhani ni mbovu. Pointi nyingi zinazotupwa zilihitaji kipande cha plastiki cha robo milimita tu.

Kwanza jua mkosaji ni nani. Behewa moja likianguka kwenye kila pointi, kosa liko kwenye behewa. Mabehewa tofauti yakianguka kwenye pointi ileile, kosa ni la pointi. Lisukume behewa kwa mkono, polepole, taa ukiilaza usawa wa reli, au rekodi kwa simu kwa mwendo wa taratibu. Unachotafuta ni ekseli iliyopanda kwanza. Behewa lililolala ubavu huenda halina hatia kabisa. Limevutwa na la mbele yake.

Naanza na magurudumu kwa sababu ni rahisi kurekebisha. Kipimo kina mapengo mawili ya magurudumu: flanji zote mbili, yaani kingo za magurudumu zinazoshuka upande wa ndani wa reli, lazima zitumbukie humo bila kulazimishwa. Kwa HO, nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja ni karibu milimita 14.4. Yakikaribiana mno, migongo hubana kwenye reli kinga (kipande kifupi cha reli kinacholiongoza gurudumu kwenye pointi) na gurudumu hupanda. Yakiachana mno, flanji hugonga ncha ya frogi, yaani pale reli mbili za ndani zinapokutana. Kurekebisha, shika gurudumu, lizungushe huku ukilivuta au kulisukuma kidogo kidogo, na uligawe sogezo pande zote mbili ili ekseli ibaki katikati. Ukisogeza upande mmoja tu, kipimo kitapita lakini behewa litakwenda upande. Kwa ekseli ya injini yenye gia, kuwa mwangalifu zaidi: gia ikihama kutoka mahali pake utakuwa umejiongezea tatizo la pili.

Sasa pointi. Zima umeme kwanza. Jambo hili halisemwi vya kutosha: kipimo ni chuma, ukikilaza juu ya reli mbili zenye umeme unapata shoti papo hapo.

Pima upana wa njia mahali angalau patano: kabla ya ndimi (reli mbili zilizochongoka zinazosogea kuchagua njia), kwenye ncha za ndimi, katikati ya ndimi, kwenye frogi na baada ya frogi. Pima njia iliyonyooka, kisha rudia kwa njia inayopinda. Mara nyingi upana hubana pale ulimi unapoanza kupinda, na jicho peke yake haliwezi kuona hilo.

Frogi na reli kinga ndizo zinazokula muda, na hapo ndipo kipimo kinarudisha thamani yake. Meno ya mifereji ya flanji yaingie kwenye mfereji wa frogi na wa reli kinga. Yakikataa, kuna plastiki iliyomwagika, gundi, au mfereji umebana. Safisha kwa tupa nyembamba. Yakiingia na kuchezacheza, mfereji ni mpana, na hapo ndipo magurudumu huanza kuchagua njia yenyewe. Thibitisha kwa ekseli iliyokwisha kupita kipimo: iweke kwenye frogi, ivute kwa kidole kuelekea ncha. Reli kinga inatakiwa kushika mgongo wa gurudumu la upande wa pili kabla flanji haijagusa ncha. Ikigusa, kata kipande cha plastiki ya styrene chenye unene wa milimita 0.25, kibandike kwa gundi ya kukauka haraka kwenye uso wa reli kinga unaotazama reli ya nje, kisha pima tena. Kikizidi, kikwangue. Usiongeze kipande cha pili kabla ya kujaribu. Mfereji uliobana huangusha treni vilevile kama uliopanuka.

Kwenye ndimi, kipimo kinasaidia nusu. Kinakuonyesha kama ulimi uliofunguka umeachana vya kutosha na reli kuu, ile ya nje isiyosogea, jambo muhimu kwa sababu ukiwa karibu mno mgongo wa gurudumu huusugua. Hakikuonyeshi kama ncha ya ulimi uliofungwa imelala vizuri. Hapo tumia ukucha: upitishe kwenye uso wa ndani wa reli kuu kuelekea ncha ya ulimi. Ukucha ukikwama, flanji nayo itakwama. Nyembamisha ncha kwa tupa laini upande wa ndani, ukiiteremsha kidogo juu. Kama ncha ni nzuri lakini haigusi reli kuu, angalia kokoto na gundi chini ya kijiti kinachovuta ndimi, au mota isiyosukuma hadi mwisho.

Kuna mambo ambayo kibati hiki hakiyaoni kabisa. Hakioni kimo: frogi ya plastiki iliyoinuka kuliko reli hupatikana kwa rula ya chuma iliyonyooka, si kwa kipimo. Hakioni pointi iliyojipinda kwa sababu ubao chini yake hauko sawa. Hakikuambii kwamba bogi zote mbili za behewa, yaani fremu zinazobeba ekseli chini yake, zimekazwa skrubu. Moja iwe huru kuyumba kidogo pande zote, nyingine izunguke tu, ili behewa likae kama kigoda cha miguu mitatu. Wala hakijui uzito. Mwongozo wa NMRA kwa HO ni aunsi 1 ya kuanzia na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu wa behewa, kwa hiyo behewa la inchi 6 (sentimita 15) linatakiwa kuwa na aunsi 4, karibu gramu 113. Behewa jepesi huruka kwenye kasoro ambayo zito linaipita bila habari.

Malalamiko yangu mawili. Maandishi yaliyochongwa ni madogo, na bila karatasi ya maelekezo mtu mgeni hatajua jino lipi ni la nini. Pili, kinajibu ndiyo au hapana tu; ukitaka kujua umezidi kwa kiasi gani, utahitaji kalipa, kifaa cha kupimia unene na nafasi kwa namba. Wenye treni za zamani zenye flanji ndefu wasitegemee magurudumu yao yote yapite: flanji hizo hugonga sakafu ya frogi na kulidundisha behewa hata pointi ikiwa sahihi, na tiba yake ni kubadilisha magurudumu. Skeli ya N, iliyo ndogo kuliko HO, ina kipimo chake tofauti. Hiki cha HO hakitumiki huko.