Programu ya NHS COVID-19: Tahadhari Yenye Nyota Tatu

Miongoni mwa huduma zote ambazo serikali ya Uingereza ilizibuni wakati wa korona, programu ya simu ya NHS COVID-19 (NHS ni huduma ya afya ya umma ya huko) ndiyo iliyoifuata kanuni ya tahadhari waziwazi zaidi: haikungoja ithibitike kwamba umeambukizwa, bali ilikutaka ujitenge kwa sababu tu simu yako ilikaa karibu na simu ya mgonjwa, kwa kawaida ndani ya mita 2 kwa dakika 15. Nimeitumia tangu ilipoanza England na Wales, Septemba 2020, mpaka ilipofungwa Aprili 2023, na naipa nyota tatu kati ya tano.

Kiufundi ilistahili sifa. Toleo la awali, lililojaribiwa katika kisiwa cha Isle of Wight, kusini mwa England, liliachwa Juni 2020 baada ya kubainika kwamba lilitambua asilimia 4 tu ya simu za iPhone. Hili la pili lilitumia mfumo wa Apple na Google, halikuuliza jina, na kumbukumbu za waliokaribiana zilibaki ndani ya simu zao. Kisomali kilikuwa miongoni mwa lugha zake 12. Kiswahili hakikuwemo.

Julai 2021 ilituma arifa zaidi ya 600,000 kwa wiki moja, maduka yakakosa wafanyakazi, na mwezi uliofuata serikali ikapunguza siku za kabla ya kipimo ambazo programu ilizirudia kutafuta waliomkaribia mgonjwa, kutoka 5 hadi 2 kwa wagonjwa wasio na dalili. Ukali huo mimi siulaumu, kwani heri nusu shari.

Ninachokilaumu ni nani aliyelipia tahadhari hiyo. Msafishaji anayelipwa kwa saa aliombwa akae ndani siku 14, baadaye 10, ilhali watumiaji wa programu hawakuweza kuomba ule msaada wa pauni 500 wa wenye kipato kidogo mpaka Desemba 2020, kwa kuwa programu isiyomjua mtu haikuwa na namna ya kumthibitisha. Tena aliyepigiwa simu na wafuatiliaji, yaani watumishi waliowatafuta waliokaribiana na wagonjwa, alibanwa na sheria ajitenge, lakini aliyepata arifa ya programu alishauriwa tu. Basi asiye na akiba alikuwa na kila sababu ya kuizima, na ndiye hasa aliyekuwa akifanya kazi katikati ya watu. Nyota mbili zimepotelea hapo. Ikiundwa nyingine, fomu ya fidia iwekwe ndani yake tangu siku ya kwanza.