Kahawa ipi inamfaa anayelinda mifupa yake? Tathmini ya aina nne

Mtu akishaambiwa kuwa mifupa yake inapungua uzito, kahawa huwa ya kwanza kulaumiwa. Lawama hiyo ina msingi, lakini ni mdogo kuliko inavyodhaniwa. Kafeini hufanya figo zipitishe kalsiamu zaidi kwenye mkojo, na hupunguza kidogo ile inayofyonzwa na utumbo. Ukijumlisha yote, kikombe cha mililita 180 humpotezea mnywaji takriban miligramu 5 za kalsiamu. Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 kwa siku, na mwanamke aliyevuka miaka 50 anahitaji 1,200. Ndiyo maana hapa hatukuangalia kafeini peke yake. Tumeangalia pia kinachoingia kikombeni pamoja na kahawa, kwa kuwa hapo ndipo aina hizi zinapoachana hasa.

Kahawa halisi ya kusaga ndiyo yenye kafeini nyingi: wastani wa miligramu 95 kwa kikombe cha mililita 240. Wastani huo huyumba. Kati ya aina kuu mbili za buni, robusta ina kafeini karibu mara mbili ya arabika, kwa hiyo angalia pakiti imeandikwaje. Ukisaga laini sana, ukizidisha unga au ukiiacha kwenye maji ya moto muda mrefu, kafeini nayo hupanda. Uchungu usikudanganye: kahawa iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi tii huwa chungu zaidi, si kali zaidi kwa kafeini. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilisema mwaka 2015 kwamba miligramu 400 kwa siku hazina tatizo kwa mtu mzima mwenye afya, na 200 kwa mjamzito. Hiyo ni kama vikombe vinne, au viwili kwa mama mwenye mimba. Ukiwa ndani ya kiwango hicho na unaweka maziwa, hii ndiyo kahawa tunayoipendekeza bila kusita.

Maziwa ndiyo yenye uamuzi. Katika utafiti wa wanawake waliokoma hedhi huko Rancho Bernardo, California, uliochapishwa mwaka 1994, waliokunywa kahawa miaka mingi bila maziwa ya kila siku walikuwa na mifupa myepesi zaidi. Waliokuwa wakinywa angalau glasi moja ya maziwa kwa siku hawakuonyesha upungufu huo. Utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2013, uliofuatilia wanawake zaidi ya 60,000, uliona kuwa wanaokunywa vikombe vinne au zaidi kwa siku walikuwa na uzito wa mifupa pungufu kwa asilimia 2 hadi 4, lakini hawakuvunjika mifupa zaidi ya wengine. Kijiko kikubwa kimoja cha maziwa, mililita 15, kina karibu miligramu 18 za kalsiamu. Tayari kimefidia kikombe kizima na ziada ikabaki.

Kahawa ya kuyeyuka haina mengi ya kusemwa. Ina miligramu 60 hivi za kafeini kwa kikombe, na inamfaa asiyetosheka na vikombe viwili.

Pakiti za tatu kwa moja, yaani kahawa, sukari na krima vikiwa vimeshachanganywa, ndizo tunazozikataa. Mnywaji huona rangi ya maziwa akaamini amekunywa maziwa. Soma orodha ya viungo, ambayo kwa kawaida hupangwa kuanzia kilicho kizito zaidi: mara nyingi sukari ndiyo inayotangulia, kisha krima, na kahawa inafuata mbali. Krima yenyewe kwa kawaida ni sharubati ya glukosi, mafuta ya mimea na protini kidogo ya maziwa, na kalsiamu yake ni haba. Anayekunywa pakiti tatu kwa siku badala ya kahawa ya maziwa amejinyima kalsiamu bila kujua, na hilo linamdhuru kuliko kafeini. Badilisha krima na kijiko kikubwa cha maziwa halisi ya unga: gramu 8 zina zaidi ya miligramu 70 za kalsiamu. Yakoroge kwanza kwa maji kidogo ya vuguvugu ndipo umimine kahawa, la sivyo yataganda madonge.

Asiyetumia maziwa ya ng'ombe achukue ya soya yaliyoongezwa kalsiamu, na atikise boksi vizuri kila anapomimina, kwa sababu kalsiamu hiyo hutuama chini. Yakikatika kikombeni, chanzo ni asidi ya kahawa na joto kali. Acha kahawa ipoe kidogo, tia maziwa kwanza, kisha mimina kahawa polepole juu yake.

Kahawa iliyotolewa kafeini hubaki na miligramu 2 hadi 7 tu kwa kikombe. Kwa ajili ya mifupa peke yake, wengi hawana haja nayo. Inamfaa anayevuka vikombe vinne na hataki kupunguza, na pia mzee anayekosa usingizi, maana kuamka usiku na kutembea gizani na uchovu ni njia ya kuanguka, na nyonga huvunjika kwa kuanguka.

Anayemeza alendroneti, dawa ya kuzuia mifupa isiendelee kupungua, asichanganye na kahawa ya aina yoyote kati ya hizi. Kahawa hupunguza ufyonzwaji wa dawa hiyo kwa takriban asilimia 60, na ile iliyotiwa maziwa huongeza tatizo kwa sababu kalsiamu nayo huizuia. Kidonge kimezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji ya kawaida. Kaa wima au simama, usijilaze, kwa angalau dakika 30, ule kitu ndipo ulale ukitaka. Kahawa nayo isubiri hadi dakika hizo ziishe.